Muziki wa filamu na wa gemu: ni wa kusikiliza kila siku, au tuuache kwenye picha?

Kasapa Sauti (mfungua mada)

Ndugu wa Lubumbashi, hoja hii imefika mahali pa kujadiliwa wazi. Katika saluni, mikahawa, taksi-bisi na vyumba vya kusomea, vijana wanaweka muziki wa filamu na wa gemu pale ambapo zamani ilikuwa rumba au karindula. Kuna wanaosema huo si muziki wa kuishi nao, kwamba ni kipande kilichokatwa kwenye nguo ya mwingine, na tena unawanyima wanamuziki wetu nafasi. Mimi nasema ni muziki kamili, na ule wa gemu unafaa saa za kila siku kuliko aina nyingi tulizozizoea. Sababu iko katika utengenezaji wake.

Mtunzi wa gemu hajui mchezaji atakwama kwenye ngazi moja dakika mbili au saa mbili. Kwa hiyo anaandika wimbo wa kuzunguka: mwisho unaingia mwanzoni bila mshono kusikika, na ndani yake haweki kitu kitakachokera sikio mara ya arobaini. Chukueni kazi ya Koji Kondo katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mashine ile ya Nintendo ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya mvumo, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Besi inakaa kwenye pembetatu, ngoma zinatoka kwenye mvumo. Juu ya hayo, mlio wa kuruka au wa kuokota sarafu unapora njia katikati ya wimbo, na wimbo lazima uendelee kusimama.

Huku kwetu ubanifu huo tunaujua. Mpiga gita Mwenda Jean Bosco, katika "Masanga" ambayo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliirekodi 1952, ana gita moja tu: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu. Hakuna noti ya ziada hata moja. Sikio lililolelewa na gita ya Katanga halihitaji kufundishwa kumwelewa Kondo.

Gita ya Katuba

Mdogo wangu, kwa gemu za zamani umesema vizuri. Lakini umeweka gemu na filamu katika kapu moja, na hapo ndipo ninapokataa.

Muziki wa filamu unapimwa kwa picha. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Mtunzi akichagua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linakula picha 12 kamili, na ndivyo anavyofanya mlango ufungwe juu ya pigo. Mlango ukichelewa picha 5, anaongeza kipande cha pigo au anabadili mwendo. Ukiwa mbele ya skrini huoni kitu. Ukiusikiliza bila picha, unasikia wimbo unaojikwaa bila sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa mlango.

La pili ni maneno. Wahusika wakiongea, muziki lazima uwapishe: vyombo vinavyogombana na sauti ya mtu vinapunguzwa, melodia inasimama, nyuzi zinashika noti moja ndefu. Ndiyo maana albamu nyingi za filamu zina vipande vya sekunde 50 ambavyo havianzi wala havimaliziki. Ukiweka kitu hicho saa nzima mkahawani, umewawekea watu chumba ambacho mwenye kuongea ametoka.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mji huu una karindula, chombo cha pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne, na wanaokipiga wako hai. Kila saa ya bafle (spika) tunayoipa studio ya mbali ni saa tuliyomnyima mtu wa Kamalondo au wa Kenya, mitaa ya mji wetu.

Fundi Bafle

Wakubwa, kabla ya kuulizana kama unafaa, tuseme kwanza kwa nini unasikika vibaya, maana nusu ya malalamiko ni ya ufundi.

Muziki wa filamu umechanganywa kwa ajili ya ukumbi ulio kimya. Kati ya sehemu ya chini na ya juu kunaweza kuwa na desibeli 20 au zaidi. Weka hiyo kwenye taksi-bisi: dakika mbili injini inafunika kila kitu, dereva anapandisha sauti, halafu tarumbeta zote zinalipuka na abiria wanaruka. Kosa si la mtunzi. Kilichokosekana ni maandalizi.

Nenda hivi, kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Fungua faili, weka kompresa, yaani kinachopunguza tofauti kati ya sauti ya chini na ya juu: kizingiti desibeli −24, uwiano 3 kwa 1, kuanza kushika sekunde 0.2, kuachia sekunde 1. Kisha sawazisha ukubwa wa sauti kwenye −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), halafu limita kwenye desibeli −1 ili kilele kisipasuke. Usipande uwiano wa 6 au 8 kwa tamaa ya kelele. Mwangwi wa ukumbi utaanza kuvimba na kunywea kila ngoma inapopiga, na sikio linachoka kabla ya kufika mjini.

Halafu mono, yaani sauti ya kushoto na ya kulia kuunganishwa kuwa moja. Bafle nyingi za mjini zina spika moja, au mbili zilizoungwa pamoja. Nyuzi na kwaya zilizotanuliwa sana kushoto na kulia zinafutana zikikutana: mawimbi mawili yanayopingana yanatoa kimya. Ndiyo maana mtu anasema "kwaya imepotea" ilhali kwenye spika za masikioni ipo. Geuza wimbo uwe mono kwanza, usikilize. Melodia ikipungua sana, wimbo huo uache nyumbani.

Na hilo la kuzunguka ambalo mfungua mada amelisifu linaharibika kwa MP3. Faili ya MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni, kwa kawaida kama sehemu ya arobaini ya sekunde, na kingine mwishoni. Ni kidogo, lakini pigo linateguka kila mzunguko na sikio linalikamata. Kwa wimbo wa kuzunguka tumia WAV, FLAC au Ogg. Kata pale wimbi linapovuka sifuri, la sivyo utasikia "tk". Kama mwangwi wa noti ya mwisho unakatwa, uchukue mkia huo uuchanganye juu ya sekunde za kwanza za mzunguko unaofuata.

Kwa wenye kuhesabu mega: MP3 ya kilobiti 192 inakula megabaiti 1.44 kwa dakika, yaani 86 hivi kwa saa. Kwa kilobiti 128 ni 58 kwa saa. Flashi ya giga 4 inabeba kama saa 46 za ile ya 192. Kupakua mara moja na kuweka kwenye flashi ni nafuu kuliko kusikiliza mtandaoni kila siku, na umeme ukikatika bafle ya betri inaendelea.

Dada wa Kwaya

Yaya Gita, mkubwa wangu, nikuulize kitu. "Baba Yetu" ya Christopher Tin utaiweka wapi? Iliandikwa kwa ajili ya gemu ya Civilization IV, mwaka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, lugha tunayosali nayo hapa. Ilirekodiwa tena na Soweto Gospel Choir kwa albamu ya 2009, na mwaka 2011 ikapata Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa gemu. Leo kwaya nyingi duniani zinaiimba, na waimbaji wengi hawajawahi kuigusa gemu yenyewe. Wimbo umetoka nyumbani kwao na unatembea kwa miguu yake.

Wanaotaka kuiimba wajue ugumu wake: Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ngoma haingoji. Kwaya ikikimbilia pigo inameza vokali za mwisho, msikilizaji habaki na neno. Fanyeni mazoezi ya kusema maneno kwa mdundo bila kuimba, polepole, kwa mapigo 80, kisha mpande.

Gita ya Katuba

Dada, mfano wako naukubali, lakini unanisaidia mimi. Wimbo ule unasikika kwenye ukurasa wa kufungulia gemu, kabla mchezaji hajaanza kucheza. Hakuna picha ya kufuata, hakuna mtu wa kupishwa. Uliandikwa kama wimbo wa kwaya, kwa hiyo unaishi kama wimbo wa kwaya.

Ndiyo tofauti ninayoitaka. Kuna muziki ambao wahusika wenyewe wanausikia ndani ya filamu, na kuna ule ambao ni sisi watazamaji tu tunaousikia. "La Vie est belle" ya 1987, ya Benoît Lamy na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, ina Papa Wemba kama mhusika mkuu, na mhusika huyo ni mwanamuziki. Nyimbo zile zinachezeka hata televisheni ikizimwa. "Félicité" ya Alain Gomis, 2017, ni vilevile: Kasai Allstars wanapiga muziki ndani ya hadithi, na Orchestre Symphonique Kimbanguiste wamo. Kama ni muziki wa filamu mnautaka mkahawani, anzeni na huo. Kwa nini orodha zenu zinaanzia ng'ambo?

Kasapa Sauti

Hilo la orodha ni kweli, na nalichukua. Niongeze na Baloji, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, ambaye filamu yake "Augure" ilipata tuzo Cannes 2023. Yeye ni mwanamuziki kabla ya kuwa mtengeneza filamu.

Lakini Yaya, mpaka wako una matundu. Katika "Black Panther" ya 2018, mtunzi Ludwig Göransson alikwenda kwanza Senegali akafanya kazi na mwanamuziki Baaba Maal, kisha akampa mfalme wa hadithi ile ngoma ya tama, ile inayoongea. Wahusika hawaisikii ngoma ile kama muziki wa kwao pale walipo. Kwa kanuni yako tungeitupa, na bado inasimama yenyewe.

Mwalimu Kampemba

Niingie kwa upande wa kusoma, maana ndiko matumizi yalipo mengi. Maneno unayoyaelewa, yakiimbwa, yanashindana na maneno unayoyasoma. Rumba ya Kilingala au wimbo wa Kiswahili, uwe mzuri namna gani, utamkatia mwanafunzi sentensi. Hiyo si dharau kwa rumba. Rumba inataka usikivu, na inastahili kuupata. Muziki wa gemu usio na maneno hauombi hivyo.

Si wote, ndugu. Ondoeni muziki wa mapigano, na ule wa kutisha wenye mlipuko wa ghafla, kwa sababu kazi yake ni kukushtua. Ondoeni vipande vya chini ya dakika moja, maana kila mabadiliko yanaita sikio. Ule wa Minecraft, ambao Daniel Rosenfeld aliutoa kwa jina la C418 mwaka 2011, unafaa: piano chache, mwendo wa pole, nafasi nyingi. Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka katika rejista yake ya rekodi za kuhifadhiwa, miaka miwili baada ya kuuweka ule wa Mario. Sauti iwe chini kiasi kwamba mtu wa meza ya jirani akinong'ona bado unamsikia. Dakika 50, halafu zima kumi. Bila kuzima, sikio linaacha kutofautisha muziki na kelele.

Msoma Sheria

Neno fupi kwa wenye mikahawa na saluni. Haki za mwandishi nchini zinalindwa na Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika linalokusanya haki hizo ni SOCODA. Kupiga muziki mbele ya wateja si sawa na kusikiliza nyumbani, uwe wa filamu, wa gemu au rumba. Usajili wa kawaida wa Spotify nao ni wa matumizi binafsi. Masharti yake hayaruhusu biashara. Kwa hiyo hoja ya "tuweke wa gemu kwa sababu ni bure" iondoeni mezani.

Gita ya Katuba

Sawa. Matundu ya mpaka wangu nimeyaona, basi niache mpaka nilete kipimo ambacho mtu yeyote mwenye gita anaweza kukifanya kabla ya kuweka wimbo kwenye flashi ya dukani. Vua wimbo nguo zote. Toa nyuzi, toa kwaya, toa mwangwi, ubaki na gita moja: gumba kwa besi, shahada kwa melodia. Ukibaki wimbo, uwekeni hata kama umetoka kwenye filamu. Ukibaki noti moja ndefu inayongoja mtu afungue mlango, urudisheni kwenye picha yake.

Mfano wa kuanzia ni ule wa Tetris ya Game Boy, 1989, muziki wa aina A. Ni "Korobeiniki", wimbo wa Warusi wa karne ya 19, kwa hiyo ulikuwa wimbo kabla ya gemu kuwako. Uweke katika ufunguo wa la ndogo (la mineur). Melodia inaanza mi, si, do, re, do, si, la. Akodi za mwanzo ni mi ya saba, la ndogo, mi ya saba, la ndogo, kisha unapanda re ndogo, do kubwa, mi ya saba, unarudi la ndogo. Wengi wanaharibu kwenye re ndogo: shahada inapanda hadi la ya juu, mkono unahama, na gumba linaacha besi. Shika re ya waya wa nne ukiwa wazi, hauhitaji kidole, mkono wa kushoto ubaki huru kwa melodia. Anza na mapigo 70. Fundi Bafle, ukiupata hivyo kwa gita tu, niambie mono yake inasikikaje kwenye taksi-bisi.

Fundi Bafle

Gita moja, maikrofoni moja: ni mono tangu kuzaliwa, hakuna kitakachofutana. Rekodi maikrofoni ikiwa sentimita 30 kutoka fundo (freti) la kumi na mbili la shingo, usiielekeze kwenye tundu maana besi itavuma. Kompresa uwiano 2 kwa 1 inatosha. Tuma WAV, nitaikata mzunguko.