Kugeuza basi kuwa nyumba ya safari: tuanzishe chama cha namna gani hapa Lubumbashi?

Mkazi wa Kamalondo
Ndugu zangu, mimi na shemeji yangu tuna Coaster iliyochoka kubeba abiria, na tunataka kuitia vitanda na jiko. Tungependa pia kuanzisha chama kidogo cha wenye nia kama yetu. Nimesoma kwamba vyama vya Marekani vilianzishwa na watu waliojijengea magari, ilhali leo wanachama wengi hununua gari lililokamilika. Ni nini kilichobadilika, na sisi tufuate mtindo upi?

Fundi wa Katuba
Kilichobadilika ni kiwanda, ndugu. Julai 1963, familia 26 zilipokutana Hinckley, jimbo la Maine, kutazama kupatwa kwa jua na kuunda Family Motor Coach Association, chama cha wenye nyumba za magurudumu, aliyetaka nyumba ya magurudumu mara nyingi alilazimika kuijenga kutokana na basi kuukuu. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Winnebago ilianza kuyatengeneza magari hayo kwa wingi na kwa bei nafuu. Aliyenunua haulizi namna ya kuziba tundu la dirisha. Anauliza mahali pa kuegesha. Ndivyo mazungumzo yalivyohama polepole kutoka gereji hadi viwanja vya kambi, na baada ya zaidi ya miaka 50 chama hicho kikawapokea hata wenye matrela ya kulala, yasiyo na injini, yanayovutwa na gari. Wazee wa mabasi wakinung'unika ninawaelewa, ingawa sioni chama kitakachodumu kwa kufukuza wageni.

Mama wa njia ya Kasumbalesa
Baba Fundi, umesema kweli nusu. Ujenzi haukufa, ila umehamia kwa vijana wa huko wanaonunua mabasi ya shule yaliyostaafishwa na kujifunza kwa video, kila mmoja uani kwake. Wanachokosa ni jirani wa kuwaambia kwamba wanakosea kabla hawajakata chuma. Sisi huku jirani huyo tunaye kila mtaa, kwa hiyo chama chenu kianze na mafundi, wenye fedha watafuata. Na safari hizi si ngeni kwetu: msafara wa Wally Byam, Mmarekani mwanzilishi wa kampuni ya matrela ya Airstream, wa matrela 41 ya kampuni hiyo, uliotoka Cape Town mwaka 1959 kuelekea Cairo, ulipita Kongo hii hii.

Mkazi wa Kamalondo
Asante, Mama. Shemeji anataka kuinua paa ili tuweze kusimama wima ndani. Inafaa?

Fundi wa Katuba
Msiguse paa kwanza. Katika mabasi mengi ya abiria, nguzo za madirisha na paa husaidia kubeba uzito pamoja na sakafu, na ukizikata bila kuimarisha kwa vyuma vipya, mwili wote utajipinda kwenye mashimo ya barabara. Tangi la maji nalo likae karibu na ekseli, kwa maana lita 200 ni kilo 200. Ng'oeni viti, kisha mje nayo Jumamosi tuchunguze kutu ya sakafu kabla hamjanunua mbao.