Mafundi wa "kona fupi" Dodoma, acheni kukata mikono ya stelingi za Vitz na Passo

Wakuu, uzi huu una hasira, anayetaka lugha laini apite.

Kuna mtindo umezagaa kwenye gereji za hapa mjini. Mteja analeta Vitz, Passo au March, analalamika gari haikati kona kwenye vichochoro vya Chang'ombe mpaka apige rivasi mara mbili. Fundi hamuulizi tatizo limeanza lini. Anamwambia, "Hiyo tunaifungua kidogo bosi, itageuka kama bajaji." Kinachofuata ni grainda na mashine ya kuchomelea.

Njia zao ni tatu. Ya kwanza ni kusaga vizuizi vya mwisho wa usukani. Ya pili ni kupachika washa kati ya raki (fito lenye meno linalosukuma magurudumu yageuke) na raki endi (kiungo cha mwisho wake) ili raki isafiri zaidi kabla ya kugota. Ya tatu, ambayo ndiyo imenifanya nifungue uzi, ni kukata mkono wa stelingi kwenye naki (kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo), kuufupisha na kuuchomelea upya.

Tuanze na hesabu, maana hakuna anayewapigia wateja hesabu. Vitz ya kwanza ina milimita 2,370 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Tuseme gurudumu la nje linakata nyuzi 32. Gawanya 2,370 kwa sine ya 32, unapata nusu kipenyo cha mita 4.47. Ongeza nyuzi moja nzima: 4.35. Yaani umeharibu mfumo wa usukani ili upate sentimita 12, au 24 ukihesabu duara zima. Mteja anaambiwa bajaji, anapewa upana wa tofali.

Sasa huo mkono. Tuchukue mkono wa milimita 120, gurudumu la ndani likiwa linakata nyuzi 38. Ukiufupisha uwe 105 huku raki ikisafiri vilevile, gurudumu hilo linafika karibu nyuzi 45. Jointi ya CV ya nje (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limegeuka) kwa kawaida mwisho wake ni nyuzi 45 hadi 47, na hapo bado gari halijadunda wala gurudumu halijaning'inia kwenye shimo, mambo ambayo yanaongeza pembe yake. Gololi zinafika ukingoni mwa madirisha ya keji, kile kizimba kinachozishika, unasikia ka-ka-ka ukikata kona, mpira wa CV unabanwa na kuchanika, vumbi letu la huku linaingia kwenye grisi. Halafu fundi yuleyule anakuuzia drafshafti, shafti nzima inayozungusha gurudumu. Usukani nao unakuwa mzito, na barabara kuu ya Singida gari linakuwa na papara: ukigusa kidogo linahama.

Kuna hatari mbaya kuliko hiyo. Ukikata usukani hadi mwisho, tairodi (fito inayounganisha raki na mkono) na mkono wa stelingi vinatakiwa vibaki na kona baina yao. Pembe ikizidi, vinakaribia kunyooka kuwa mstari mmoja. Vikivuka mstari huo, ukirudisha usukani raki inavuta lakini gurudumu halirudi, au linageukia upande usiotakiwa. Umekwama katikati ya barabara, tairi moja huku, jingine kule.

Na kuchomelea naki! Hiyo ni chuma cha kusubu au cha kufua kwa moto. Fundi anaichomelea kwa fito za kawaida za mageti, bila kuipasha moto kwanza, bila kuiacha ipoe polepole. Pembeni ya weldi chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Ufa hauonekani, umepakwa rangi nyeusi juu. Mwambieni fundi huyo akae kiti cha mbele mkishuka mlima Sekenke na mzigo.

Washa za raki mnaiga kwenye video za magari ya kudrift. Yale yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele hayana drafshafti ya kuvunja. Wanaoyatengeneza kwa umakini wanafunga naki zilizochongwa mahususi na kupima kila kitu. Nyie mnachonga washa kutoka kwenye bati. Zaidi ya hapo raki endi inabaki imeshikwa na nyuzi chache za skrubu, na pinioni (gia ndogo inayosukuma raki) inaweza kufika mwisho wa meno ya raki. Kwa gari linalovuta mbele, jibu ni hapana, hata milimita tatu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mengi ya magari haya hayahitaji kuongezwa chochote. Yamepoteza kona ya kiwandani. Mtu wa Bahi au Kongwa anataka gari liinuke, anatoa tairi za 165/70R14 anaweka 185/65R15. Kipenyo kimepanda milimita 35, upana 20. Tairi linakwaruza bodi, fundi wa kwanza anaweka kizuizi kwenye raki, fundi wa pili anasaga kingine ili arudishe kona. Kiwandani kwenyewe, toleo la tairi pana mara nyingi hupunguziwa kona kwa sababu hiyohiyo.

Kama gari linakata vizuri kushoto na vibaya kulia, raki haiko katikati, basi. Hutokea baada ya kubadilisha tairodi endi au kufanya alaimenti ya kurekebisha upande mmoja tu. Inua mbele, geuza usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu kamili. Hapo ndipo katikati ya raki. Legeza nati za tairodi na klipu za mipira ya raki isijisokote, sawazisha pande zote mbili mpaka tofauti ya urefu wa tairodi isizidi milimita 1.5, kisha weka toe (magurudumu ya mbele kuelekeana au kutengana) karibu na sifuri. Usukani ukibaki umepinda, ndipo uung'oe kwenye meno yake, baada ya kuchomoa hasi ya betri na kusubiri kwa ajili ya eabegi. Msizungushe ile spairo kebo chini yake, waya uliojiviringa unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi, inakatika.

Kupima hakuhitaji mashine. Tafuta uwanja tambarare, lowesha tairi la mbele la upande wa nje, kata usukani mwisho, zunguka polepole. Pima duara la maji katikati ya alama, gawa kwa mbili, linganisha na kitabu cha gari. Rudia upande wa pili. Kama namba zinakaribiana na za kitabu, gari lako ni zima, tatizo ni kichochoro.

Ambaye tayari amekatiwa mkono: usikubali uchomelewe tena kurudishwa urefu. Tafuta naki mbili za modeli hiyohiyo, kushoto na kulia, zisizo na alama ya moto. Kagua jointi za CV, angalia kama hosi za breki na waya za ABS zilivutwa au kusagwa na tairi, ndipo ufanye alaimenti.

Fundi anayebisha karibu sana. Weka hapa pembe ya gurudumu la ndani na la nje, kabla na baada, zilizopimwa kwenye sahani za kugeuzia, zile zenye kipimo cha nyuzi zinazowekwa chini ya tairi. "Nimeangalia kwa macho" haijibiwi.