Mjadala: Karatasi moja ya mchoro, mitindo miwili ya vipimo. Ruhusa au marufuku?

Mwanzisha mada, Shimanzi, Mombasa

Waungwana, nina jambo limenikaa kifuani. Vijana wanatoka vyuoni wamekaririshwa kwamba karatasi moja ya mchoro ni mtindo mmoja wa vipimo, basi. Ukianza kupima tundu kwa tundu kama mnyororo, umalize hivyo hivyo. Ukianza kupima kila kitu toka ukingo mmoja, usigeuke. Mimi napinga, na nitaeleza kwa bamba lililonitia hasara.

Ni bamba la kukalia pampu, urefu mm 500, matundu sita kwenye mstari mmoja. Mchoro ulisema tundu la kwanza liko mm 50 toka ukingoni, kisha 80 mara tano, kila kipimo kimeruhusiwa kuzidi au kupungua 0.2. Aliyetoboa alitia alama tundu kwa tundu, kama mchoro ulivyotaka. Nilipopima kwa venia, kile kifaa cha kupimia hadi vipande vya milimita, kila nafasi ilikuwa 80.2. Hakuna hata moja ya kumlaumia. Lakini toka tundu la kwanza hadi la sita nikapata 401 badala ya 400. Bolti ni za mm 12, matundu ni ya mm 12.5, na fremu ya pampu imeshakatwa hesi, yaani nyuzi za kushika bolti, barabara kila baada ya 80. Bolti tatu zikaingia. Ya nne ikagoma: hapo kosa lilishafika 0.6, na bolti ina nafasi ya 0.5 tu.

Vipimo vingetolewa vyote toka ukingoni, yaani 50, 130, 210 mpaka 450, kwa ruhusa ile ile ya 0.2, basi kosa baina ya matundu yoyote mawili lisingepita 0.4, na bolti zote zingeingia.

Sasa bamba hilo hilo lina pini mbili za kuikalisha pampu mahali pake. Hizo zinajuana zenyewe kwa zenyewe, ukingo hauzihusu. Nikipima kila pini toka ukingoni, makosa mawili yanajumlika. Nataka kipimo cha moja kwa moja, pini hadi pini, ruhusa 0.05. Nimeshachanganya mitindo, na nina sababu. Kuna ubaya gani?

Mwalimu wa uchoraji, Tudor

Pole kwa hasara, kaka. Lakini mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hajashika pampu maishani. Ukimwambia achanganye kwa kufuata kazi ya kifaa, atachanganya kwa kufuata nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Nimesahihisha michoro ambayo tundu moja limepimwa toka kushoto, likapimwa tena toka kulia, likapimwa tena toka kwa jirani yake. Fundi afuate kipi? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nampa mtindo mmoja mpaka aive.

Fundi wa mashine, Changamwe

Mie mashine yangu ina kioo cha tarakimu. Nagusa ukingo, naweka sufuri, nasogea 50, 130, 210. Mnyororo unanilazimisha nijumlishe mwenyewe pembezoni mwa karatasi, mikono imejaa mafuta, saa kumi jioni. Nyie wachoraji jumlisheni huko huko mezani.

Na kuna mchanganyiko mwingine mnausahau. Michoro mingine namba zote husomwa toka chini ya karatasi. Mingine namba hufuata mstari wake, za wima unasomea upande wa kulia. Mtu akichanganya hizo mbili kwenye karatasi moja, 68 ikisomwa kichwa chini inageuka 89. Hiyo mie siitetei hata kidogo.

Mwanzisha mada

Fundi, hapo tuko pamoja. Namba zielekee njia moja karatasi nzima.

Mwalimu wangu, hiyo ya tundu moja kupimwa mara tatu ni kosa katika mtindo wowote ule. Kila kipimo kiandikwe mara moja tu, na ukitaka kuonyesha urefu wote juu ya mnyororo uliokamilika, utie kwenye mabano ili ijulikane ni wa taarifa, si wa kukaguliwa. Na hata kiwango cha kimataifa hakiko upande wako: ISO 129 ya 1985 iliruhusu waziwazi mnyororo na vipimo vya toka sehemu moja vikae pamoja kwenye mchoro mmoja, ikilazimu.

Mwalimu wa uchoraji, Tudor

"Ikilazimu" ndilo neno langu. Nani amemfundisha mwanafunzi kuitambua hiyo lazima?

Mwanzisha mada

Hatoitambua akikatazwa, mwalimu. Akipimwa miaka miwili kwa unadhifu wa mistari, atakuja kwangu na mchoro mzuri usiofungika. Mwache achanganye, ila kando ya karatasi aandike sentensi moja: hapa nimetoka ukingoni kwa sababu hii, hapa nimepima pini kwa pini kwa sababu hii. Asipokuwa na sababu, mkate alama.

Fundi wa mashine, Changamwe

Na aandike sufuri iko wapi. Nisianze kubahatisha ukingo.

Mwalimu wa uchoraji, Tudor

Sentensi moja naweza kuisahihisha. Mwaka wa kwanza bado siwaruhusu, nawajua. Kwa mwaka wa pili nitajaribu muhula huu. Kaka, hilo bamba usilikate. Niazime pamoja na ile fremu, niviweke mezani darasani, kila mmoja aje aitie bolti ya nne kwa mkono wake.