Fundi kaniambia injini "inaingia yenyewe" kwenye giaboksi ya Land Rover 109, sasa sina injini wala giaboksi

Wakuu habari za jioni, samahani uzi utakuwa mrefu, nina hasira ya wiki tatu na nikiendelea kukaa nayo kimya nitampiga mtu na spana.

Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, ya marehemu mzee. Sio gari la maonyesho hili, limebeba ndizi, mbao, maharusi, misiba, na sisi wenyewe enzi hizo tumejazana nyuma kama dagaa. Ile injini yake ya petroli ya 2.25 ilishachoka, lita moja kilomita tano, ukiwa na bahati sita, na ukipandisha Marangu unakaa gia ya pili mpaka wenye bodaboda wanakupita wanakuonea huruma. Oktoba 2024 Land Rover zilivyojazana Arusha kwenye tamasha lao sikwenda, niliona aibu. Nikaapa mwaka huu naitia dizeli.

Nikachagua 200Tdi, injini ya dizeli yenye turbo, ile iliyokuwa kwenye Land Rover Discovery za mwanzo, 1989 mpaka 1994. Wanaoijua wanajua kwa nini inapendwa: imetoka kwenye ukoo uleule wa injini za zamani za Land Rover, kwa hiyo matundu ya nyuma yanakubaliana na giaboksi ya Series, huhitaji adapta pleti kama unavyofanya ukiweka ya Toyota. Milioni nne na laki mbili nikanunua, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, inawaka vizuri, haitoi moshi. Nikampelekea fundi mmoja, sitamtaja, ila gereji yake ina bango kubwa kuliko gereji yenyewe. Nikamuuliza, kaka umeshawahi kufunga hii? Akacheka. "Bosi hii inaingia yenyewe, siku mbili unaondoka."

Siku mbili zikawa siku kumi na tisa. Kwanza turbo. Ya Discovery imekaa chini, kwa hiyo kwenye 109 inagombana na chesisi. Kitu kinachojulikana hicho, watu wanatafuta manifoldi (bomba la kutolea moshi) ya Land Rover Defender inayoinua turbo juu, au wanapunguza chuma kwa akili. Yeye kaja kushtuka injini iko hewani kwenye cheni, akachukua grenda akakata chesisi yangu bila hata kunipigia simu! Nikameza. Nikasema potelea mbali, itachomelewa.

Sasa njooni kwenye uozo wenyewe. Pale katikati ya krenki, ile shafti kuu ya injini, upande wa nyuma, kuna kabushi kadogo ambako pua ya shafti ya giaboksi inaingia na kupumzika. Kadogo, bei yake hata haitishi. Kazi yake ni kushika ile shafti inyooke, na ukikanyaga klachi, krenki izunguke peke yake na shafti ibaki imetulia. Bushi ya kiwandani ni ya shaba nyeusi yenye vitundu vya kunyonya oili, mafundi wa zamani walikuwa wanailaza kwenye oili usiku mzima kabla ya kuifunga. Huyu bwana kamtuma kijana wake akachongeshe nyingine ya shaba ya kawaida, kwa makadirio. Makadirio wakuu! Venia, kile kifaa cha kupimia unene, hana, nimekuja kugundua baadaye, kwenye gereji nzima hakuna venia hata iliyovunjika, kijana alipima kwa kidole na macho.

Siku ya kuunganisha nilikuwepo. Giaboksi ikaingia ikagoma, pengo kama unene wa kidole. Mimi sio fundi lakini niliuliza, hilo pengo vipi? Akajibu "itajivuta na bolti." Na kweli akaivuta, huku na huku, robo raundi robo raundi, chuma kinalia kama kinachinjwa, mimi nimesimama pale na soda yangu kama mjinga. Hapo ndipo ningemwambia acha. Sikusema. Hilo nalibeba mwenyewe.

Gari likawaka, nguvu ipo jamani, nisiseme uongo, kutoka Moshi kwenda Himo niliona kama nimepewa gari jingine. Ila gia ya rivasi ilikuwa inakwaruza kila nikiitia, wakati Series III gia zote nne za mbele zina sinkro, vile vipete vinavyofanya gia iingie laini, na zilikuwa hazina tatizo kabla, na sasa hata ya kwanza inagoma mpaka uisukume na roho. Nikampigia. "Klachi mpya bosi, itazoea." Siku ya tatu, njia panda ya Himo, nimekanyaga klachi mpaka chini, gari linatembea. LINATEMBEA. Nimekanyaga klachi na breki, linasukuma kuelekea kwa mama anayeuza mahindi. Nikaizima ndani ya gia, bado kama futi mbili tu. Yule mama alinitukana na nilimwambia asante.

Ikavutwa kwa kamba mpaka kwa mzee mmoja ambaye Land Rover ndo maisha yake. Alivyoishusha giaboksi hakusema kitu, akaniita tu, "Mwanangu njoo uone." Ile bushi imeungua imeng'ang'ania kwenye pua ya shafti, imekuwa kitu kimoja. Ndo maana klachi ilikuwa inaachia kama kawaida lakini krenki bado inaizungusha shafti kupitia bushi. Beringi ya shafti kwisha. Akashika puli ya mbele akaisukuma na kuivuta, krenki inacheza mbele nyuma unaona kwa macho, maana ule mvuto wa bolti uliisukuma krenki ikala vile vyuma vya mwezi vinavyoizuia isitembee. Halafu kubwa kuliko: hauzingi ya flaiwili, lile ganda la nyuma ya injini linalofungwa na giaboksi, ilifungwa bila pini zake za kuielekeza kwenye bloku. Pini zimetupwa! Kwa hiyo hata bushi ingekuwa sahihi, giaboksi ilikuwa imekaa upande. Mzee ana kasaa kake ka kupimia, anakafunga kwenye flaiwili anazungusha krenki taratibu anasoma kama hauzingi iko katikati. Dakika ishirini. Dakika ishirini zingeniokolea mamilioni.

Najua watakuja wale wa "giaboksi ya Series haiwezi nguvu ya Tdi". Najua. Petroli yangu ilikuwa na farasi kama 70, hii ina 111, na mvuto wa Nm 265 unaanzia chini raundi 1,800 tu. Ukiwa na mguu mzito utavunja gia au ekseli za nyuma. Najua pia difu zangu zina uwiano wa 4.7 kwa hiyo spidi 80 injini iko karibu 2,900 inapiga kelele. Lakini meno ya gia ni mazima yote! Kilichokufa kimekufa kwa sababu ya bushi, pini na bolti, msinihamishie mada.

Nimerudi kwa yule fundi na bushi mkononi. Kasema nimeendesha vibaya. Nikamwonyesha pua ya shafti, kasema injini niliyoleta ndiyo mbovu. Nikamuuliza pini ziko wapi, kaenda kunywa chai mpaka nikachoka kusubiri.

Mwenye shafti ya kwanza ya giaboksi ya Series III, nzima, pua haijachongwa wala kujazwa kwa kuchomelea, aniambie bei, niko Moshi na Arusha nafika. Za kuchonga SITAKI.

NYONGEZA: kwa mnaouliza kama nilimlipa, makubaliano yalikuwa laki tisa, nimempa laki saba na nusu. Jana saa nne usiku katuma meseji anakumbushia laki na nusu yake.