Fundi kavunja ukuta unaobeba slabu, kaweka bimu ya kuzugia, na leo anadai hela

Wakuu, nina hasira hapa hata chai haipiti.

Nyumba ni ya ghorofa moja. Tulitaka sebule na dainingi ziwe kitu kimoja, ukuta wa katikati utoke, ije bimu, yaani boriti ya zege, ya mita 4 na nusu. Injinia kachora, mchoro nikamkabidhi fundi mkononi: nondo za mm 16 chini, nguzo mbili za zege, kila moja na msingi wake. Nondo nilinunua mwenyewe, risiti ninazo.

Jamaa kuuona mchoro akacheka. "Bosi, huu ukuta ni wa kugawa vyumba tu, injinia anakuongezea gharama." Wa kugawa vyumba! Slabu, yaani zege la sakafu ya juu, imeukalia, na juu ya slabu kuna ukuta wa chumba cha watoto, mstari uleule. Hilo hata mpita njia analiona. Nikamwambia fuata mchoro, akaitikia "sawa bosi", nikasafiri.

Narudi, nguzo hakuna. Bimu kaichomeka kwenye tofali za inchi sita utadhani anaweka shelfu ya vyombo. Mzigo uliokuwa umetawanyika ukuta mzima sasa wote unatua kwenye ncha mbili, na ncha zenyewe zimekalia tofali tupu! Nondo? Kibarua wake kaninong'oneza ni za mm 12. Mirunda nayo, ile miti ya kushikilia bimu mpaka zege likomae, kaing'oa kabla hata wiki haijaisha, eti kuna saiti nyingine inaihitaji. Zege linahesabiwa nguvu yake kwa siku 28, yeye kalitwisha ghorofa likiwa bado changa.

Sasa bimu imebonyea katikati. Mlango wa chumba cha watoto unakwaruza tailizi, haufungi. Tofali lililo chini ya ncha ya bimu linamong'onyoka, ukilipitishia kidole unaondoka na vipande. Nampigia, anajibu: "Hizo ni nyufa za plasta, piga puti upake rangi." Ghorofa limeua watu Kariakoo Novemba 2024, nchi nzima imeona, na bado mtu ananiambia habari za puti!

Watoto wako kwa bibi yao, mirunda nimekodi nyingine tukaegesha usiku uleule. Leo asubuhi meseji inaingia: "Bosi nimalizie hela ya ufundi."

Hela hiyo ni ya injinia anayekuja kukagua. Wewe rudisha nondo zangu za mm 16, tena zote, halafu ndiyo tuongee.