Waliosoma bila kusikia, mliowalea na mliowafundisha: tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe:
Wakuu habari. Leo kwenye kikao cha wazazi mmoja kasimama kasema mwanawe hasikii ila "anasoma midomo, kwa hiyo hana shida". Nilinyamaza, hapakuwa mahali pa kubishana, ila nimefika nyumbani roho haijatulia. Nimefundisha viziwi miaka mingi. Anayedhani kusoma midomo ni mchezo asimame mbele ya kioo atamke bila sauti: baba, mama, papa. Halafu aniambie yupi mzazi na yupi yuko baharini. Haya, tiririkeni. Matusi hapana.

Sikio Moja:
Mwalimu umenigusa pabaya. Usikivu wangu ulipotea baada ya homa ya uti wa mgongo, nikiwa darasa la pili. Kulia hakuna kitu, kushoto nasikia mtu akiwa karibu na pakiwa kimya. Kilichonitesa si hesabu, ni imla. Mwalimu wetu alisoma huku anatembea katikati ya madawati. Akiwa mbele yangu naandika, akinipita ananiachia mgongo. Basi nachungulia kwa jirani, si kuiba, nataka tu kujua wamefika wapi. Siku moja akaniona. Akanisimamisha mbele ya darasa akaniuliza kitu. Alikuwa na masharubu yamefunika mdomo wa juu wote, yule hata malaika hamsomi midomo. Nikafanya nilichozoea nisiposikia: nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Darasa likaangua kicheko, yeye akafura. Viboko nilivipata bila kujua kosa. Mchana rafiki yangu akaniandikia kwenye daftari lile swali: "Wewe ni mwizi?"
Hadi leo mtu akiniuliza nisilolisikia, shingo inataka kuitikia yenyewe.

Mama Wawili:
Hilo la kuitikia tu!! Wa kwangu hivyo hivyo. Umeelewa? Ndiyo. Nimesema nini? Kimya.

Chaki Nyeupe:
Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akueleze yeye.

Mjomba Zege:
Mnalia na mambo ya zamani. Siku hizi mtoto anapandikizwa kifaa cha koklea, anasikia, anasoma na wenzake, basi. Mkimzoesha mikono ulimi utakuwa mvivu.

Kimya Kikuu:
Mjomba, mimi ni kiziwi na hoja yako naijua, ina mvi. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, karibu wote wanasikia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa mdomo na lugha ya alama, ile ya mikono, itupwe. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao wenyewe. Ni mwaka 2010 tu, huko Vancouver, mkutano wa mfululizo uleule ulipoyakataa maazimio yale na kusema unasikitika. Miaka 130, halafu wewe unatuletea tena mchana kweupe.

Mjomba Zege:
Nazungumzia teknolojia, wewe unanipeleka Milan. Historia haimfundishi mtoto kuongea.

Fundi Betri:
Mjomba uko sawa nusu. Mwanangu ana koklea. Kile kifaa hakirudishi sikio, kinapeleka umeme kwenye mshipa wa usikivu, kisha ubongo ujifunze ule mlio ni nini. Siku kilipowashwa alilia kwa woga. Baada ya hapo ni mazoezi na kurudi kurekebishiwa, tena na tena. Leo anaongea vizuri. Lakini akikivua kulala, au betri ikikata, ni kiziwi. Tunatumia alama pia, na ulimi haujawa mvivu hata kidogo, ana maneno mpaka nachoka.

Kimya Kikuu:
Asante. Wa hivyo naweza kuzungumza naye.

Dada wa Kaka:
Samahani, naleta kirefu. Kaka yangu ni kiziwi wa kuzaliwa. Lugha aliipata shule ya bweni. Nyumbani aliyejua alama ni mimi tu, kitinda mimba. Alinifundisha wakati wa likizo ili tuwasengenye wakubwa mbele yao. Baba na mama walikuwa na ishara zao: kula, njoo, lala, acha.
Usiku mmoja kaka akaanza kujikunja. Mama anamwonyesha tumbo, anaitikia. Limeanza lini? Ishara hiyo haipo. Akapewa dawa ya minyoo. Asubuhi ana homa, tukaenda hospitali. Daktari anamuuliza baba maumivu yalianzia wapi. Tumboni. Tumboni wapi? Baba hana jibu. Kaka kitandani mikono inakwenda mbio, nesi akaishika yote miwili akidhani ni degedege, anataka kumtundikia dripu. Nikapiga kelele: mwachieni, anaongea!
Wakamwachia. Akaniambia: lilianza kitovuni, likashuka kulia, nikatapika, alfajiri likaacha kuuma ghafla, sasa linauma lote na limekuwa gumu. Nikatafsiri. Daktari akabadilika sura, akaita watu.

Jongoo Mkuu:
Halafu?? Usiishie hapo!

Mama Wawili:
Dada yangu, yupo? Jibu hilo kwanza.

Mjomba Zege:
Huyo nesi alitakiwa kushtakiwa.

Jongoo Mkuu:
Nesi kakosa nini? Ana mgonjwa anarusha mikono na sindano iko mkononi. Wewe ungefanyaje?

Mjomba Zege:
Ningeuliza.

Jongoo Mkuu:
Kwa lugha gani, mjomba? Si umesema mikono inaleta uvivu?

Sikio Moja:
😂😂 Dada rudi jamani, kazi hazifanyiki huku.

Dada wa Kaka:
Poleni, mtoto aliamka. Yupo, ana familia, anafundisha viziwi. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mimi nesi simlaumu. Kilichobaki na mimi ni kwamba kabla hajaingizwa kupasuliwa, kaka aliniambia: muulize baba kama nitakufa. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi nikamfikishia baba swali hilo, na jibu nikalirudisha. Baba alianza alama baada ya hapo, na mvi zake. Anakosea mpaka leo, kaka anamcheka.

Chaki Nyeupe:
Kama watoto tisa kati ya kumi wasiosikia wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Ndiyo maana nikiwaandikisha naomba na wazazi waje darasani. Wengi wanaona ni kazi ya shule.

Ua la Jioni:
Wakubwa nisaidieni. Wangu ana miezi kumi, hageuki akiitwa. Mama mkwe anasema nisubiri, atafunguka.

Jongoo Mkuu:
Subiri bibie, mimi mwenyewe nilichelewa kuongea na sasa mnanikoma.

Fundi Betri:
Usisubiri! Kipimo kinatakiwa kabla ya mwezi mmoja, uhakika kufikia miezi mitatu, msaada uanze kabla ya miezi sita. Tayari umechelewa kidogo, nenda. Akipewa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, ule mpira wa sikioni ubadilishwe anavyokua, ukilegea unapiga filimbi.

Kimya Kikuu:
Na anza alama leo. Majibu yakija kwamba anasikia, hujapoteza kitu.

Sikio Moja:
Akianza shule akae mbele kabisa.

Chaki Nyeupe:
Mbele kabisa hapana, hataona wenzake wanaojibu. Mstari wa pili, pembeni, dirisha liwe nyuma yake na mwanga umwangukie mwalimu usoni.

Jongoo Mkuu:
Na walimu wote wanyoe masharubu, iwe sheria.

Ua la Jioni:
Lakini nikigonga sufuria nyuma yake anashtuka.

Fundi Betri:
Huo ni mtikisiko, au amekuona kwa pembeni. Sufuria si kipimo.

Ua la Jioni:
Kupima wanamchoma?

Mama Wawili:
Hakuna sindano mamangu. Kile cha mwanzo wanaweka kidude mlangoni mwa sikio, dakika chache tu. Mpeleke muda wake wa kulala, akihangaika watakurudisha.