Naomba ushauri: karafuu za mradi zimeongezeka uzito

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwanangu yuko darasa la saba, skuli ya hapa Wete. Mradi wake wa sayansi: karafuu hupungua uzito kiasi gani zikianikwa. Tulitoa makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu), tukapima gramu 600 mbichi, tukazitandaza juu ya jamvi. Siku ya kwanza 450, ya pili 340. Ya tatu mvua ikatukuta tuko sokoni: 375! Mwisho zikatua kwenye 205, kavu, ukiivunja moja inalia tak.

Yeye anataka kuifuta siku ya mvua ili grafu iteremke vizuri. Nimemkatalia, ila sijui aieleze vipi. Je, mvua iandikwe kwenye matokeo au kwenye hitimisho? Na kupima mara moja tu kwa siku kunatosha? Anakabidhi Jumatatu.